Mtumiaji wa Kutazama Tu

Meneja alitoa agizo Jumatatu: kwenye programu ya kufuatilia seva kila mtu abaki na ruhusa ya kazi yake tu, na wasio wafanyakazi wafutwe. Kazi ikamwangukia Babu Waya, fundi niliyekaa naye ofisi moja miaka sita bila kujua kama anapenda chai au kahawa. Alikuja kazini hata Jumapili. Nyumbani hakukuwa na mtu.

Ruhusa za watu alizikata bila huruma. Meneja mwenyewe alinyang'anywa ya kuzima seva. Mimi nilibakishiwa ya kutazama tu, nikanuna mpaka saa sita. Kufikia Jumatano lilibaki jina moja, nalo alikuwa akilikwepa.

Lilikuwa la marehemu mkewe. Babu Waya alimfungulia akaunti zamani kwenye simu yake, mama wa watu alipochoka kuambiwa "niko njiani" na mtu ambaye hajainuka kitini. Jina la mume likionekana kwenye programu, bado yuko kazini. Likitoweka, abandike chakula. Mkewe alikata roho hospitalini siku ambayo Babu Waya alikuwa hapa, akihangaika na seva iliyoanguka. Tangu mazishi, binti yao wa pekee hajasema naye.

"Futa tu, mzee," nilimwambia. "Aliyekufa haingii."

"Ameingia leo. Saa moja na dakika kumi."

Nilidhani ananitania, lakini Babu Waya na utani ni mbingu na ardhi. Akanionyesha. Miaka miwili tangu mazishi, kila asubuhi, jina lile limeingia, limekaa dakika moja, limetoka. Mimi na mdomo wangu nikasema huyo ni mwizi, kaiba neno la siri. Akaniamini. Mpweke huwa mwepesi kuamini baya. Akalifuta.

Kesho yake, saa moja na robo, simu yake ikalia. Simu ile hulia seva ikianguka tu, kwa hiyo alitazama skrini ya programu kwanza. Taa zote kijani, hakuna iliyoanguka. Akaipokea kwa spika, kama kawaida yake.

"Baba, uko mzima?"

Alikuwa binti yake. Babu Waya akaisogeza simu karibu.

"Mama aliniachia simu yake. Kila asubuhi naangalia jina lako, nikiliona naenda kazini. Leo programu inanikatalia."

Nilitamani ardhi inimeze. Babu Waya akauliza kwa sauti ndogo, mtu aliyegawa ruhusa za kampuni nzima:

"Naruhusiwa kuja Jumapili?"

Binti akajibu:

"Njoo. Lakini kama hujatoka, usiniambie uko njiani."

Jumapili nilifungua programu nikiwa nyumbani, kwa kiruhusa changu alichonibakishia. Seva moja ilikuwa nyekundu tangu asubuhi. Jina lake halikuwepo.