Shingo ya Mbuzi wa Krismasi

Krismasi ile ilinigharimu shilingi laki nne na elfu arobaini na tisa, na mimi si Mkristo. Nimehesabu mara mbili. Noah ya kwenda na kurudi, laki na sitini, baada ya dereva kuanzia laki mbili na kunionyesha tairi kana kwamba nilimuuliza habari za tairi. Mbuzi, laki na ishirini, niliyotuma kwa simu anunuliwe huko huko. Mchele kilo kumi na tano, elfu arobaini na tano. Kreti mbili za soda, thelathini. Kikoi cha mjomba, kumi na nane. Doti ya khanga ya wifi, kumi na nne, na hiyo ni bei niliyojiuzia mwenyewe dukani kwangu, bila faida, nikajishukuru. Pipi, biskuti na barafu za watoto, elfu nane. Mpaka hapo ni laki tatu na tisini na tano, na sina ugomvi nazo. Nilizitoa nikijua nazitoa.

Ugomvi wangu ni elfu hamsini na nne zilizobaki. Hizo ni kuku watatu.

Mama yangu alizaliwa huko ndani ya Kiranjeranje, nyumba ya Wakatoliki, akaolewa pwani na baba yangu, akasilimu. Tangu siku hiyo desturi yetu ikawa moja: Idi wanashuka wao na ufuta na korosho, Krismasi tunapanda sisi na mchele na nguo. Nilikulia ndani ya desturi hiyo. Ndiyo maana hadi leo, nikisikia harufu ya nguo mpya, sijui kama moyo unanipeleka msikitini au kanisani.

Mama alipofariki, desturi ikapata kilema. Krismasi tatu mfululizo vitu nilivipakia kwenye basi na mimi nikabaki mjini Masoko kuuza khanga, maana Desemba ndiyo mwezi wa kuuza. Kisha mwaka wa Krismasi hii ninayoisimulia mke wa mjomba naye akafariki, na siku moja ya Novemba mjomba akanipigia simu. Mjomba ndiye kaka yake mama, mzee wa maneno machache, na simu kwake ni kitu cha kutumia kama dawa, kidogo na kwa sababu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema:

"Vitu vyako vinafika, mama. Wewe hufiki."

Akaendelea kwamba mwaka huu anataka sinia moja. Watoto wake na watoto wa dada yake wakae chini pamoja, wale chungu kimoja kama zamani, maana hajui kama ataiona Krismasi nyingine. Kuhusu kisu nisiwe na wasiwasi, alikwisha kumwagiza mwanawe amwite mwalimu wa madrasa.

Maneno hayo ya kisu, kwa mtu wa kwetu, hayahitaji maelezo, lakini nitayaeleza. Huku Mkristo mwenye wageni hachinji mwenyewe. Humwita Mwislamu, tena mtu anayejulikana, achinje kwa bismillahi, ili asiwepo mtu wa kukaa pembeni akitazama wenzake wanakula. Mchinjaji hupewa shingo, anakwenda nayo nyumbani, basi. Haijadiliwi.

Sasa huyo mwana wa mjomba. Ni binamu yangu, mkulima wa ufuta, umri wetu mmoja, na kwa kuwa ni mtoto wa mjomba basi ni mtani wangu wa haki kabisa. Aliniita mke wangu hata siku ya ndoa yangu, mbele ya bwana harusi. Siku ya msiba wa mama alijilaza mlangoni, akasema jeneza halipiti mpaka alipwe. Nikatoa elfu tano huku nalia, na waliokuwa wanalia pamoja nami wakacheka. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia wewe ndiye mwenye kosa, na watu watakusema mpaka uzeeni. Nami sheria hiyo niliiheshimu miaka yote, kwa sababu bei yake ilikuwa haijazidi elfu tano.

Tuliondoka Masoko alfajiri, mimi, dereva, na shangazi yangu, dada yake baba, aliyekaa kiti cha mbele akiwa amekumbatia mkoba wake kana kwamba dereva angeuomba. Shangazi ni mwanamke wa dini, na pia ni mwanamke wa mdomo, na vyote viwili havijapungua kwa umri. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya udongo ilitukamata mara mbili, na mara zote mbili dereva alinikumbusha habari za tairi. Tulifika kama saa nne. Nyumba tupu. Mjomba, wifi, yaani mke wa binamu, na watoto walikuwa bado kanisani. Aliyekuwepo ni binamu peke yake, kifua wazi, anakatakata nyama juu ya majani ya mgomba.

"Mke wangu umekuja," akasema. "Na mama mkwe umemleta. Shikamoo, mama mkwe."

Shangazi akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayelipa ushuru. Kisha akaitazama ile nyama, akauliza, kwa upole tu, nani amechinja.

Binamu hakuinua hata uso.

"Nimechinja mwenyewe. Mwalimu kasafiri tangu juzi, nanyi mmechelewa. Mlitaka mbuzi asubiri Noah?"

Nilimtazama usoni. Mimi nimekaa sokoni miaka kumi na sita. Nikimtazama mteja najua ana shilingi ngapi mfukoni na ngapi kwenye soksi. Kwenye uso ule sikuona kitu. Ulikuwa uso wa mtu anayekata nyama.

Shangazi akarudi kwenye gari bila haraka, akafungua mlango, akaketi. "Mimi kibudu sili," akasema kupitia dirishani. "Mniletee maji."

Nikafanya ninachojua kufanya jambo linapoharibika: nikahesabu. Mbuzi nilimlipia laki na ishirini, basi walau nijue laki na ishirini yangu imelala wapi. Miguu minne ipo. Mbavu zipo, pande mbili. Mgongo, kichwa, maini, utumbo kwenye beseni. Nikarudia. Shingo haipo. Nikarudia mara ya tatu, na mara ya tatu huwa sihesabu ila kwa kitu cha wizi.

"Shingo iko wapi?"

"Shingo imekwenda kwa mwenyewe," akasema.

Ningekuwa na akili yangu ya dukani, hapo hapo ningekaa chini nicheke. Lakini nilikuwa nimechoka, nina matope hadi magotini, na nikaona mbele yangu mtu aliyeharibu mbuzi mzima kisha akamwibia shingo juu yake. Nikamwambia wewe si mtani, wewe ni hasara. Akainamisha kichwa akaendelea kukata. Baadaye niliambiwa alikuwa anazuia kicheko.

Sikumfikiria sana yeye. Nilimfikiria mjomba, anayetoka kanisani na kikoi chake cha zamani, akitarajia sinia. Nikaamua tupate nyama nyingine, angalau tukae pamoja hata kama vyungu ni viwili. Nikamfuata jirani mwenye kuku. Kuku mmoja, elfu ishirini na tano.

Nikamwambia yule jirani, mama, huyu kuku ni wa kienyeji au amesoma Dar. Akasema siku ya leo hata kuku anajua ni sikukuu. Nikamwonyesha kwamba mmoja anachechemea. Akasema huo si ulemavu, ni mwendo wake. Nikaondoka, nikafika kwenye mhogo wa tatu, hakuniita. Nikaona kweli leo nimefika soko la wenyewe, nikarudi mwenyewe, jambo ambalo nyumbani kwangu sikulisimulia. Tukamalizana elfu kumi na nane kila mmoja, kwa watatu, pamoja na kuazimwa sufuria ambalo halijaguswa na nyama ile.

Dereva akawachinja, kwa bismillahi ya sauti kubwa, makusudi shangazi asikie garini. Nikawasha jiko langu upande wa kulia wa uwanja. Binamu alikuwa na lake upande wa kushoto. Akanitazama ninavyonyonyoa manyoya, na nadhani hapo ndipo utani ulipoanza kumponyoka, kwa sababu aliuliza kama kweli nimewanunua. Nikamwambia hapana, nimewatahiri. Akarudi kwenye jiko lake. Angeweza kusema wakati ule. Kuku wawili walikuwa bado na manyoya, pengine mwenyewe angewapokea kwa nusu bei.

Mjomba alirudi karibu saa saba, amevaa koti katika joto lile, wifi nyuma yake, watoto mbele wakikimbilia soda. Nikamwamkia, akanishika mkono muda mrefu. Kisha akageuza macho uwanjani.

"Mbona moto miwili?"

Nikamweleza mimi, kwa kifupi, bila kumtaja mtu kwa ubaya, na kwangu hiyo ilikuwa kazi. Mjomba akaketi kwenye kigoda, akavua koti, akalikunja juu ya magoti taratibu kama mtu anayekunja nguo ya marehemu.

"Dada yangu alipoolewa pwani," akasema, "baba alisema waende wakaswali wanapotaka, lakini chungu kisigawanywe. Nimekilinda chungu hicho mimi, miaka yote hii. Basi leo na mimi sili."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kumjibu.

Binamu akaacha kisu. Akaja akapiga magoti mbele ya baba yake, akasema kwamba alikuwa anatania. Mbuzi kachinjwa na mwalimu mwenyewe, alfajiri, mzee akiwa bado amelala, kabla ya watu kwenda kanisani, na wifi anajua. Wifi akashangaa kwamba kumbe kuna mtu hajui.

Kutoka garini ikasikika sauti ya shangazi. "Saa nne alisema kachinja yeye. Saa saba anasema mwalimu. Mimi nishike ipi? Na wifi ni mkewe, atasema nini?"

Na hapo ndipo nilipopata raha ndogo ya siku hiyo, kumwona binamu yangu akisema kweli na asiaminiwe. Aliapa. Akaapa tena. Shangazi akapandisha kioo. Ikabidi dereva aende na Noah kumtafuta mwalimu, na watoto wote wa uwanja ule wakajipakia ndani na nguo zao mpya, wakaona hayo ndiyo matembezi yao ya Krismasi, wakamlazimisha apite barabara kubwa kwanza kuwanunulia barafu. Shangazi alikataa kushuka, kwa hiyo naye akatembezwa. Sisi tukabaki tumekaa na majiko mawili na mzee asiyetaka kula.

Walirudi baada ya muda mrefu. Mwalimu akashuka, kijana mpole mwenye ndevu chache, kanzu yake ina matone ya barafu ya watoto. Shangazi alikwisha kumhoji njiani, lakini akataka arudie mbele ya watu.

"Nimechinja mimi, mama," mwalimu akasema. "Na shingo ninayo jikoni, karibu itaiva. Kuna tatizo gani na shingo?"

Nilitazama chini. Mkristo anayejichinjia mbuzi wake hampi mtu shingo, anaila. Nilikuwa na ushahidi mkononi tangu saa nne, nimeuhesabu mara tatu, nikausoma kama wizi.

Tulikula sinia moja, pilau ya mchele wangu, juu yake mbuzi na kuku pamoja. Mjomba alichagua pande la ubavu, akaliweka mbele ya shangazi kwa mkono wake mwenyewe, na shangazi akalila lote mpaka mfupa, kisha akasema lilikuwa na chumvi kidogo. Mjomba alicheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona anacheka vile, pengine mama alikuwa hai. Kwa kicheko kile singedai chochote.

Lakini mapaja sita ya kuku wale, manne alikula binamu. Niliyahesabu. Nilipomwambia, huku tunaingia garini, kwamba ana deni langu la hamsini na nne, alinijibu mbele ya wote kwamba mtani hadaiwi, na kama naona uchungu nisubiri zamu yangu. Wote wakamuunga mkono, hata mwalimu, ambaye nilimtarajia awe mtu wa haki. Shangazi, njiani, alisema kumi na nane kwa kuku wa Krismasi haikuwa mbaya.

Mimi ni mfanyabiashara, kusubiri zamu ni kukopesha bila riba. Idi inakaribia na binamu amekwisha kutuma salamu kwamba anashuka, yeye na familia, siku tatu. Nina njia mbili. Ya kwanza nimwambie mlangoni, kabla hajavua viatu, aweke hamsini na nne yangu mezani; watu watasema nimekasirikia utani. Ya pili nimlipizie, na utani wa kumlipizia mtu wa namna ile, nimepiga hesabu, hautapungua elfu sabini.

Wewe unayesoma, kama kwenu mna watani na mmewahi kufikishana kwenye kuku, niambie imeamuliwaje. Hata nusu nitapokea. Ishirini na saba, nitoe na bawa moja nililokula mimi.