Kurasa Nilizozikata kwa Mkasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti, penseli mbili na rundo la miswada lililonifika kifuani. Ilikuwa kampuni ya uchapishaji ya familia moja ya Kihindi, ghorofa ya pili, Westlands, Nairobi, kabla majengo ya vioo hayajatuzunguka. Mswada, kwa wewe ambaye hujawahi kuushika, ni kazi ya mwandishi kabla haijawa kitabu. Mingi ilikuja imeandikwa kwa mkono. Mhariri Mkuu, mzee mwembamba aliyevaa sweta hata Januari, alinionyesha rundo lile kwa kidevu.

"Soma ukurasa wa kwanza, halafu ruka mpaka wa arobaini," aliniambia. "Wa kwanza kila mtu ameupiga pasi. Wa arobaini ndio utakuonyesha mwandishi mwenyewe."

Nilikuwa msomaji wa awali kwa miaka mitatu. Kazi yake ni kuchuja: unasoma, unaandika ripoti fupi, unapendekeza mswada upandishwe kwa wahariri au urudishwe kwa mwenyewe. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hadithi nyingi huchelewa kuanza. Mtu anaamka, anapiga mswaki, anakunywa chai, anatazama dirishani, na ukurasa wa sita ndipo polisi wanabisha mlango. Nikaanza kuwaandikia waandishi barua: anza polisi wakibisha. Mhariri Mkuu alizikuta barua zangu kwenye trei ya posta.

"Bi. Ayuma, hawa watu wamekuomba ushauri?"

"Hapana, mzee."

"Basi utulie kidogo."

Kutulia ndiko kulikonishinda maisha yangu yote. Nilikuwa naona kosa kwenye menyu ya hoteli na mkono unaniwasha. Ndiyo sababu walinipandisha cheo nikawa mhariri wa hadithi, na ndiyo sababu nilifanya jambo ambalo sijalisahau.

Rispa alikuja ofisini akiwa na madaftari manne ya shule ndani ya mfuko wa plastiki. Aliuza sweta za mitumba sokoni Kangemi, na zamani alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za watu. Hadithi yake ilihusu wanawake wanaokaa kando ya barabara ya Waiyaki Way asubuhi wakingoja kuitwa kufua. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikaruka mpaka wa arobaini, kisha nikarudi nikasoma yote bila kuinuka kitini. Nilimpigia simu siku iyo hiyo nikamwambia tutaichapisha.

Wakati ule tulihariri kwa mkasi na gundi. Unakata aya, unaibandika panapofaa, mabaki yanaenda kwenye pipa. Kanuni ilikuwa moja: piga nakala kwanza, ukate nakala, asili ibaki kabatini. Wiki hiyo mashine ya kunakili ilikuwa imeharibika, na fundi alisema atakuja Alhamisi. Mimi nilianza Jumatatu, kwenye madaftari yenyewe.

Nilinyoosha sarufi ya kila aliyefungua mdomo. Aliyesema "kitu yangu" nikamfanya aseme "kitu changu." Sura ya tatu niliiona haina tukio, wanawake wamekaa tu, wanaongea, hakuna anayeitwa. Niliikata yote. Nilifurahia jinsi hadithi ilivyokwenda mbio baada ya hapo.

Rispa alikuja Ijumaa. Alisoma akiwa amesimama.

"Madam, hii si yangu."

"Ni yako. Nimeirekebisha tu."

"Umewafunza Kiswahili, sawa. Lakini sasa wote wanaongea kama wewe." Akafunua kurasa mbele, akarudi nyuma. "Na ile ya kungoja iko wapi?"

Nikamweleza kwamba ilipunguza mwendo.

"Sawa. Nipee basi nirudi nayo."

Pipa lilikuwa limemwagwa Jumanne. Nilipomwambia hivyo aliketi kwenye kiti cha wageni, mfuko wake magotini.

"Ile sijaandika mahali pengine," alisema. "Hiyo ilikuwa Nekesa. Tulikuwa tunakaa na yeye pale barabarani. Nilikuwa nimeandika vile alikuwa anaongea, kila kitu, akiwa bado hai."

Hakunitukana, na ningeona afadhali angenitukana. Alikusanya kilichobaki cha madaftari yake akashuka ngazi.

Nilimweleza Mhariri Mkuu nikitarajia kufutwa kazi. Alivua miwani.

"Ungengoja siku tatu," alisema. "Siku tatu tu. Sasa nenda kwake. Usimwandikie barua."

Nilimkuta sokoni Jumamosi. Alisukuma rundo la sweta upande wangu. "Kunja hizo." Nikakunja. Jumamosi iliyofuata nikarudi, na nyingine, na nyingine. Mara ya nne ndipo aliponiuliza kama nina kalamu. Tukaanza kuitafuta ile sura. Yeye alisema, mimi niliandika kwa penseli. Mara nyingine alininyamazisha. "Hapana. Nekesa hakuwa anasema 'nimechoka.' Alikuwa anasema kitu ingine. Ngoja." Tulingoja, wateja wakija na kuondoka, na neno lenyewe halikuja.

Nilimshauri ajaze pengo kwa maneno ya kubuni, kwa kuwa ni hadithi na msomaji hatajua. Alikataa. "Mimi nitajua."

Kitabu kilitoka na nusu ya ile sura, na kila mhusika akiongea tena Kiswahili chake mwenyewe. Inapoishia, Rispa aliandika sentensi moja: Hapa Nekesa alisema mengi, na siyakumbuki. Meneja wa Mauzo alilalamika kwamba mazungumzo yale hayatakubalika shuleni, na hakukosea, shule hazikukichukua. Mhariri Mkuu alikuwa ameshatia sahihi kichapwe hivyo hivyo. Wasomaji walionijia baadaye waliitaja ile sentensi kuliko kitu kingine chochote kitabuni, na kila mara nilitazama chini.

Baada ya hapo nilihamishiwa kitengo cha warsha, kufunza waandishi chipukizi, hadi nilipostaafu. Vijana huniuliza waanzie wapi. Milango ni mingi kuliko ya zamani: majarida ya mtandaoni yanapokea hadithi, mashindano yanatangazwa, redio inahitaji michezo, vikundi vinakutana. Soma masharti hadi mwisho. Wengi hukataliwa kwa sababu ya idadi ya maneno tu. Weka nakala mahali patatu. Ukimaliza hadithi usiitume siku hiyo, iache mpaka uisome kama ya jirani. Na mhariri akikata kitu unachokijua wewe peke yako, mwambie, hata kama sauti inatetemeka.

Nyumbani, mtaa wa Jamhuri, sikuweza kukaa. Nilisahihisha tangazo la taka kwenye geti la mtaa, mlinzi akanishtaki kwa mwenyekiti. Siku moja Rispa akanipigia simu. Ana kikundi cha waandishi sasa, Jumamosi mchana, ukumbi wa kanisa Kangemi. Mafundi, wauzaji, wasichana wawili wa chuo.

"Mama, kuja," alisema. "Lakini usikuje kufunza. Kuja na yako."

Sikuwa na yangu. Miaka yote ile sikuwahi kuandika hadithi hata moja. Niliandika mwezi mzima, nikafuta, nikaandika: mwanamke mstaafu anayezunguka mtaani asiyeweza kukaa kitako. Niliisoma mbele yao, nikaharakisha mwishoni. Walipiga makofi ya adabu. Kisha fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, nguo zake bado zina matundu ya cheche, akainua mkono, akaniita mama kwa Sheng.

"Mathe, sawa, anatembea, anatembea. Lakini huyu mama anatafuta nini?"

Nilimtazama Rispa anisaidie. Alikuwa anatazama dari.

"Sijui," nikasema.

"Basi si urudi uandike ujue," alisema yule fundi, bila ubaya wowote.

Nimeiandika upya mara tano tangu siku hiyo. Kesho ni Jumamosi. Mwanamke wangu amefika kwenye geti la nyumba asiyoijua, amebisha, na anasikia mtu ndani akivuta komeo.