Mmakonde wa Kambi ya Miwa

Rafaeli Nankoma alivuka mto Ruvuma akiwa kijana, akiikimbia kazi ya shuruti ya Wareno. Alikata mkonge Tanga, akabatizwa huko huko, kisha akaja kukata miwa kusini ya Msambweni, pwani ya Kenya, akaoa na kukaa. Uso wake ulijaa chale tangu kipaji hadi kidevu, na meno ya mbele yalikuwa yamechongwa. Kwa hayo tu watu walimwita mla watu, na akina mama waliwavuta watoto wao alipopita kisimani.

Mwaka uliofuata uhuru, Wakristo wa kambi walikubaliana kujenga kanisa. Waduruma walileta miti kutoka bara, Wakamba wakakandika udongo, na Wamakonde, mafundi wa mbao, wakapandisha paa. Paa lilipokamilika, Chome, mzee wa kanisa aliyeheshimiwa sana na Waduruma wenzake, alimwendea Mchungaji Baya. Alitaka Wamakonde wakae nyuma, na wasinywe katika kikombe kimoja na wengine. Kenya sasa ina wenyewe, alisema. Mchungaji alimwambia angojee Jumapili.

Maneno hayo yalifika kambini jioni ile ile. Vijana wa Kimakonde walichukua mashoka wakaenda kulibomoa paa lao. Rafaeli aliwafuata mbio, akamkuta mmoja ameshapanda juu ya ukuta. Rafaeli naye roho ilikuwa ikimchemka. Alitamani kuzisikia zile mbao zikianguka.

"Shukeni," aliwaambia. "Mkilibomoa, Chome atapata la kusema juu yetu maisha yetu yote."

Walishuka, lakini walimweleza wazi kwamba kesho akinyimwa kikombe hawatamsikiliza tena.

Jumapili kanisa lilijaa. Vijana walisimama nje, mashoka mikononi, wakichungulia. Wakati wa meza ya Bwana ulipofika, Rafaeli alipiga magoti karibu na Chome. Mchungaji alimpa kikombe. Rafaeli akanywa.

Kilipomfikia Chome, aliinuka. Aliwageukia watu wake, na baadhi yao wakaanza kusimama. Rafaeli alisikia vijana wakisogea mlangoni.

Mkewe Chome, Mbodze, alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa mumewe. Miezi yote ya ujenzi alikuwa amechota maji ya udongo pamoja na wanawake wa Kimakonde, wakala chungu kimoja, na nyumbani hakuwa amelisema hilo.

"Baba Menza," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, "mimi nakunywa. Wewe ukitaka kwenda, nenda."

Akanyoosha mikono, akanywa. Chome alitoka peke yake, akiwapita wale vijana bila kuwatazama. Waliokuwa wamesimama walipiga magoti tena, mmoja mmoja. Ndipo vijana wakaweka mashoka chini, wakaingia.

Chome alirudi masika yalipokwisha. Hakuomba radhi, alimpa Rafaeli mkono tu, akaenda kuketi. Rafaeli aliupokea, ingawa alimwambia mkewe usiku kwamba hasira bado anayo. Ilimtoka polepole, miaka kadhaa, huku wakiimba kwa zamu Kiduruma, Kikamba na Kimakonde chini ya paa lile.