Natacha na Sauti Iliyofika Buleusa

Natacha Umugwaneza alizaliwa Mushaki katika nyumba ya wafuga ng'ombe, na leo ndiye fundi wa redio yetu ndogo ya kilimani. Wapo waliosema mwanamke hataweza kupanda mlingoti wa antena. Alipanda.

Mwaka jana wasikilizaji wa mbali walianza kulalamika. Mama Adelaïde, mfugaji wa Buleusa, kule Walikale, alipiga simu: "Dada, redio yenu inashika muzuri, haina makelele. Lakini muntu akisema, hatusikie kitu."

Mkurugenzi wetu, Papa Kanyamibwa, alitaka tutafute mashine yenye nguvu zaidi.

"Hapana, Papa," Natacha akajibu. "Nguvu iko. Haiende kwenye maneno."

Akampeleka mbele ya mashine ya kurushia matangazo. Françoise, mtangazaji, alikuwa anasoma habari, na mshale wa kipimo cha antena ulitikisika kidogo tu.

"Angalia, Papa. Wimbi lenye kubeba sauti linakula wati mia mbili kila wakati, hata Françoise akinyamaza. Lenyewe halisemi kitu. Maneno yanakaa pembeni yake, huku na huku, na yanapata wati makumi mbili na tano tu. Yangeweza kupata karibu mia."

"Basi ongeza yote!"

"Nikipitisha kipimo, sauti itapasuka. Hakuna mwenye ataelewa."

Kwa siku mbili alifungua sehemu inayotia sauti kwenye wimbi, akapima kipande kimoja kimoja, mpaka akakuta kondansateri mbili, vile vipande vidogo vya kutunza umeme, zimekauka. Akaziondoa, akaweka mpya, kisha akapandisha sauti taratibu huku Françoise akihesabu mbele ya mikro. Wati za maneno zikafika themanini. Wimbi likabaki na mia mbili zake zile zile.

Wiki iliyofuata daktari wa mifugo alileta tangazo: chanjo ya ng'ombe, Buleusa, Alhamisi peke yake. Françoise alilisoma mara tatu.

Ijumaa asubuhi simu ikalia. "Njo miye, Mama Adelaïde! Tulisikia neno kwa neno. Ng'ombe zetu zote zimechanjwa!"

Papa Kanyamibwa alivua kofia. "Natacha, mwanangu, nilikuwa nataka kununua mashine nyingine. Kumbe fundi njo tulikuwa naye."

Natacha aliinama akakusanya vifaa vyake, lakini tabasamu lilimshinda. Mama yake, anayeuza maziwa kando ya barabara, hakujizuia hata kidogo. Siku ile kila mteja aliambiwa kabla ya kupimiwa: "Ile sauti munasikia, mutoto wangu njo aliifikisha Walikale."