Nyumba ya Ngalula Isiyokuwa na Dirisha

Harufu ya kibao cha kuandikia kilichofutwa kwa kitambaa kibichi bado hunirudisha darasani, Likasi, mtaa wa Kikula, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ni harufu ya chaki iliyolowa na ya mate pia, maana maji yalipokosekana tulitema tu tukafuta kwa kiwiko.

Tulikuwa watoto wadogo wenye midomo mikali. Mwenzetu akionyesha kazi yake, tulimzomea hadi alie. Metresse Feza, mwalimu wetu, mama mwembamba aliyeendelea kuja kufundisha hata mishahara ilipokoma, alichoshwa na kelele zile. Akatuanzishia desturi mpya. Tulikaa wawili wawili, tukabadilishana vibao. Ulianza kwa kutaja kitu kizuri ulichokiona, ndipo utaje kinachopungua na namna ya kukitengeneza.

"Museme juu ya kazi," alituambia, "hapana juu ya mutu."

Ilitushinda kuliko hesabu. Mara ya kwanza nilimwambia jirani yangu Ngalula kwamba kitu kizuri kwenye mchoro wake ni kibao chenyewe. Metresse aliuma mdomo asicheke, akanituma niangalie tena.

Wazazi wa Ngalula walikuwa watu wa Kasai, mkoa mwingine. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka vijana walipoanza kupita barabarani wakiimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Nyumba zilivunjwa. Familia zilikimbilia gare, kituo cha treni, zikawa zinalala nje kungoja safari. Nyumbani baba alizima redio kila tulipoingia, na mama alitukataza kutaja jina la rafiki yeyote njiani.

Siku moja kila mtu alikuwa amechora nyumba yao. Tulisikia nyimbo zikikaribia, kisha zikakatika. Kijana mwenye majani kichwani na kipande cha nondo mkononi akatokea mlangoni. Wenzake walibaki uani.

"Muendelee," Metresse akatuambia, kwa sauti yake ya kila siku.

Kijana akapita kati ya madawati, akasimama kwetu. Akamwelekezea Ngalula ile nondo, akaniuliza mimi, "Huyu ni mutoto ya nani? Anatoka wapi?"

Nilihisi mkojo ukinitoka. Kibao cha Ngalula kilikuwa mikononi mwangu, na maneno pekee niliyokuwa nayo kinywani ni yale niliyokuwa nikiyapanga kabla hajaingia.

"Ukuta yake iko muzuri, imesimama," nikasema. "Lakini amesahau dirisha. Aweke dirisha hapa, pembeni ya mulango."

Akanitazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua. Kisha akainama, akauangalia ule mchoro. Ngalula, bila kuinua kichwa, akakichukua kibao chake, akachora dirisha. Fremu ilipinda. Nje mtu akaita. Kijana akainuka, akatoka.

Metresse akaegemea ukuta wa nyuma, akateleza polepole mpaka chini, kitenge chake kikichafuka vumbi la chaki. Akatuonyesha kwa mkono tuendelee. Sisi tulidhani ni njaa.

Wiki iliyofuata nafasi ya Ngalula ilikuwa wazi. Watu walisema familia yake ilionekana gare na magodoro yao. Sikupata kujua treni iliwafikisha wapi. Mwezi haukuisha, Metresse naye akawa haji tena, akaletwa mwalimu mwingine, mwanamume, aliyetuacha tuzomeane tutakavyo.

Kwa miaka mingi nilijiona shujaa wa siku ile, kana kwamba nilimshinda kijana yule kwa akili. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, mama aliponiambia jambo ambalo wakubwa wa mtaa walilijua wakalificha: mume wa Metresse Feza alikuwa mtu wa Kasai. Watoto wao tuliwafahamu vizuri, walisoma chumba cha pili, nyuma ya ukuta ule ule aliouegemea. Hakuwa ameishiwa nguvu kwa njaa. Alikuwa ameketi pale chini, sikio ukutani, anasikiliza vijana wale wanaelekea mlango gani.