Ukweni walidhani mimi ndiye mzee wa bwana harusi: jua la mlimani, mafuta ya mwani na mwaka mmoja wa kujipaka

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ni mgumu, yaani mbeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro. Wazazi walifariki nikiwa kidato cha kwanza, nikaacha shule niwalee wadogo zangu, Deo na Rehema.

Wagumu tuna kosa letu. Tunajipaka mafuta ya mgando usoni upepo usitukaushe, halafu tunapanda. Kule juu jua linapiga, na barafu inalirudisha usoni. Nilijikaanga hivyo miaka kumi na miwili.

Mwaka juzi, nikiwa na miaka thelathini na moja, nikaenda Uru kujitambulisha kwa kina Anita, mchumba wangu. Sina baba wala mjomba, nikaongozana na Deo.

Mama mtu akanipa mkono. "Karibu, mzee mwenzangu." Kisha akamkumbatia Deo. "Mkwe wangu ndiye huyu? Kijana safi!"

Deo akashindwa kuzuia kicheko.

"Mama, ni huyo mwingine," Anita akasema.

"Huyu mwenye mabaka? Simtoi mwanangu kwa mtu wa rika langu!"

Nilitaja umri, hakuamini. Tukashuka Moshi mikono mitupu.

Rehema anasomea uuguzi. Akaniletea sunscreen, yaani losheni ya kukinga jua, na mafuta ya mwani kutoka Zanzibar.

"Kaka, maji yakipwa mwani unabaki juani, kwa hiyo umejitengenezea kinga yake. Ila peke yake hautoshi. Sunscreen kila baada ya saa mbili, na kofia pana."

Kambini wagumu wenzangu wakanishukia: "Bibi harusi huyo! Mgumu gani anajiremba?"

Nikapaka. Mawingu, nikapaka. Mvua, nikapaka. Mwaka mzima.

Mikunjo haijaisha, nisiwadanganye. Lakini mabaka yamefifia na ngozi haibabuki tena.

Nikarudi Uru. Mama akanisimamisha mlangoni penye mwanga, akanigeuza uso huku na huku kama anachagua mkungu wa ndizi.

"Umefanya nini?"

Nikamweleza.

"Hukuruka hata siku?"

"Hata moja, mama."

Akaniachia uso. "Asiyechoka hivi hatamchoka mwanangu. Anita, leta mbege, mkwe anywe! Na wewe, mwanangu, kesho niletee chupa yangu ya mafuta hayo."

Tumefunga ndoa baada ya Pasaka.

Nilichojifunza: ngozi ikingwe kabla haijaungua, na mkishaanza msiache. Wagumu, bodaboda, akina mama wa soko la Kiboriloni mnaouza juani, ninyi mnajikingaje? Andikeni hapa chini. Hata wa kunicheka karibuni, mke ninaye.