Krosi za Boti ya Twende

Wateja walimpa jina la Fundi Hapana, na hakulikasirikia hata siku moja. Ukimletea pampu iliyotolewa kwenye lori ili aifunge kwenye boti, hapana. Ukimwambia bolti nne zinatosha mahali pa sita, hapana. Ukimbembeleza kwamba abiria wameshapanda na wanangojea, ndipo anafunga sanduku lake la spana na kukalia mfuniko. Watu walimnung'unikia, wakamsengenya, kisha wakamrudia kwa aibu, kwa sababu boti aliyoitengeneza yeye ilikuwa ikienda na kurudi. Karakana yake ilikuwa banda la mabati kando ya gati, na humo ndani kila spana ilikuwa na msumari wake ukutani.

Mdogo wake alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Huyo walimwita Twende. Aliendesha boti ya abiria, na tangu azaliwe hakuwahi kumwambia mtu asubiri. Mzigo ukizidi, twende. Mawingu yakiwa meusi, twende, tutayawahi. Mama yao alikuwa akisema kwamba Mungu alimpa wawili ili akiwachanganya apate mmoja mwenye akili timamu.

Basi siku moja ya mawingu Twende alishusha abiria ng'ambo ya ziwa, akaanza safari ya kurudi peke yake, na hakufika. Kulipokucha boti yake ilikutwa imebanwa kwenye mawe ya rasi, injini imekunywa maji, pangaboi limevunjika, na ndani hamna mtu. Waliivuta mpaka ufukweni, wakaipandisha juu ya magogo ubavuni mwa karakana. Mama alikuja na turubai, akaifunika mwenyewe, akakaza kamba kwa mikono yake.

"Mtu asiiguse," alisema. "Akirudi ataitengeneza mwenyewe."

Watu wakainamisha vichwa. Nani angekuwa na moyo wa kumbishia?

Siku mbili boti zote zilitafuta. Siku ya tatu kila mtu akakumbuka kwamba ana shughuli zake. Waendesha boti kubwa walisema matajiri wao wamekataa, wenye mitumbwi walisema upepo. Mmoja alithubutu kumwambia Fundi kwamba maji hayakai na mtu, yatamtoa yenyewe, ni kungoja tu. Kuna ndimi zinazofaa kufungwa kamba kama mbuzi mharibifu, na ule ulikuwa mmojawapo. Fundi alimtazama mtu yule mpaka akaanza kujikuna shingo, kisha akapanda boti yake na kwenda peke yake.

Hiyo boti yake ilikuwa imeshaanza kugonga. Boti za namna hii injini hukaa ndani, na mguu wenye pangaboi huning'inia nje, nyuma. Katikati kuna krosi mbili, vyuma vya umbo la msalaba vinavyouruhusu mguu upinde kushoto na kulia huku nguvu ya injini ikiendelea kupita. Zimefichwa ndani ya mpira wenye mikunjo ili maji yasiingie. Mpira ukipasuka grisi hugeuka uji, na krosi huliwa na kutu kidogo kidogo. Hayo Fundi aliwahubiria watu miaka nenda miaka rudi. Mpira wa boti yake mwenyewe ulikuwa umepasuka tangu kiangazi, na kila wiki alisema ataubadilisha. Mganga hajigangi.

Kabla ya saa nne asubuhi, karibu na rasi ileile, mguu ulipiga ngo! kubwa na injini ikabaki inanguruma bila kusukuma kitu. Alirudi kwa kasia. Alipoufungua mguu pale ufukweni, krosi moja ilikuwa imekatika mkono, na ya pili, alipoigeuza, ilimwaga unga mwekundu kiganjani.

Muuza spea alikuwa mama mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alimwona Fundi akiingia, akaacha kuhudumia mtu mwingine.

"Vipi, fundi? Kuna habari?"

"Hakuna. Nipe krosi mbili za mguu wa boti."

"Za boti zimekwisha. Nimeagiza, labda wiki ijayo."

"Wiki ijayo nitakuwa natafuta nini, dada?"

Yule mama aliinama nyuma ya meza. Alipapasa rafu ya chini, akatoa boksi mbili na kuziweka mezani polepole, kama mtu anayeweka kitu cha aibu. Zilikuwa krosi za pikapu. Fundi alizijua kabla hajazifungua. Alitoa kipimo chake mfukoni, akapima mikono ya krosi: sawa. Akapima vile vikombe vya mwishoni, vinavyokaa ndani ya uma wa mguu: vyembamba, kwa unene wa unywele. Akapima tena, akipenda kipimo kimwonee huruma, lakini chuma hakina undugu na mtu.

"Mbona zinafanana?" muuza spea alisema.

"Hazifanani. Zitacheza."

"Basi acha."

"Nifungie."

"Wewe? Si wewe uliyenirudishia hizihizi juzijuzi, ukanisema mbele za watu kwamba nataka kuua abiria?"

"Nifungie, dada yangu."

"Haya. Ndiyo hayo, mfa maji..." Akajiuma ulimi. Methali ilikuwa imeshatoka nusu, na nusu ile ilitosha. Aliziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamlenga. "Nisamehe, fundi. Chukua tu. Nenda."

Alikwenda. Karakanani alikata kopo la soda kwa mkasi, akatoa vipande vyembamba vya bati, akavizungushia vikombe ili vibane kwenye uma. Kazi ya kuganga njaa, na yeye ndiye aliyezoea kuwafukuza waliomletea kazi za namna hiyo. Alijua bati lile litatafunwa. Litashika njia ya kwenda, kwenye maji tulivu, mguu ukiwa umenyooka. Lakini kutafuta mtu kwenye matete ni kupinda kushoto, kupinda kulia, kurudi nyuma, tangu asubuhi mpaka jioni. Alijua hata sauti litakayotoa kabla ya kuachia. Lakini alijua pia kwamba kila siku inayopita ilikuwa inamchukua mdogo wake mbali zaidi, na akawaza: nikifika tu huko, nitajua la kufanya.

Mama yake alimkuta katika hali hiyo. Alisimama mlangoni akamwangalia anavyokata kopo.

"Hiyo ni spea gani?"

"Ni ya kubania, mama."

"Itakufikisha?"

Fundi aliendelea kukata.

"Nimekuuliza. Itakufikisha na kukurudisha?"

Angeweza kumdanganya mtu mwingine yeyote siku ile. "Kufika itafika," alisema.

Mama aliketi juu ya sanduku la spana. Hakulia. Tangu siku ya kwanza hakulia, maana kulia kungekuwa ni kukubali. Akauliza, kwa sauti ya chini, "Na boti ya mdogo wako ina vyuma kama hivyo?"

"Inavyo. Nilimfungia mimi, vipya, na mpira wake mzima. Vimesalimika."

"Umejua hivyo tangu asubuhi?"

"Nimejua."

"Ukanyamaza."

"Ulisema isiguswe, mama."

Mama alijisugua magoti. Nje watu walikuwa wakibishana juu ya magunia ya nani yatangulie, kama vile dunia ni ileile. "Nina watoto wawili," alisema hatimaye. "Mmoja simwoni. Wewe ninayekuona unataka kunitoka na kipande cha kopo." Akainuka. "Njoo."

Alifungua turubai mwenyewe. Kamba zilikuwa zimekaza kwa umande na jua, kucha zikamkatika, na Fundi aliponyoosha mkono amsaidie akampiga kofi dogo la mkononi. Alikuwa amefunga yeye, atafungua yeye. Fundo la mwisho lilipoachia, turubai likateleza, na boti ikabaki wazi na ubavu wake uliokwaruzwa na mawe. Hapo mama aligeuza uso.

Fundi aliuvuta mguu, akaupasua mpira kwa kisu, na krosi zikaonekana, safi, grisi yake bado ina rangi. Alizizungusha kwa vidole. Hazikukwaruza, hazikucheza. Alizikamua kwenye jiliwa moja baada ya nyingine, na mama akamshikia zile klipu ndogo za kuzuia vikombe kiganjani, akiwa amekunja vidole kama mtu anayeshika mbegu. Akazifunga kwenye boti yake, akafunga na mpira mpya uliokuwa umengojea rafuni tangu kiangazi. Alipojifuta mikono mama aliuliza:

"Na kule ulikotoa, unapaachaje?"

"Wazi. Boti ile haiendi popote, mama."

"Tia hizo ulizonunua."

"Hizi ni za gari. Si za..."

"Zitie! Asije akakuta boti yake imenyonyolewa, na aliyeinyonyoa ni ndugu yake."

Neno lake lilimfika Fundi mdomoni, lile lililompa jina, likaishia hapohapo. "Sawa, mama," alisema. Akazitia. Alizungusha vipande vya bati, akapaka grisi, akakaza nati zote sita kwa zamu, kwa uangalifu uleule ambao angeutumia kama abiria wangepanda kesho. Na alipofika nati ya tatu alianza kulia, kilio cha wazi cha mtu mzima, makamasi yakidondokea spana. Mama hakumwambia nyamaza. Alishika upande wa pili wa mguu usitikisike mpaka akamaliza.

Aliondoka alfajiri. Mguu ulikuwa kimya. Aliupinda kushoto mpaka mwisho, akaupinda kulia mpaka mwisho, haukutoa hata mlio. Aliingia kwenye matete nyuma ya rasi, mfereji kwa mfereji, mahali ambapo boti kubwa zilikuwa zimechungulia tu na kupita. Jua lilipokuwa utosini alimwona. Alimjua kwa shati. Alimpandisha peke yake, na jinsi alivyompandisha sitaeleza. Alimlaza chini, akamfunika, akakaa naye kidogo injini ikiwa imezimwa.

Sasa ilibaki kurudi. Siku mbili za kwanza alikuwa akirudi ufukweni mbio, kujaza mafuta na kugeuza, na mama aliyesimama gatini alikuwa ameshajifunza kwamba boti inayokuja mbio haijapata kitu. Kila ilipotokea mbio alipumua kwa matumaini. Fundi alimwona kwa mbali, kidoa cha nguo peke yake. Akawaza kwamba akija mbio, mama atapumua mara moja zaidi. Dakika mbili tu. Na boti ilikuwa na uwezo, krosi zilikuwa nzima, hazingemwangusha.

Akasukuma mkono wa mafuta mbele. Boti ikainua pua. Nyuma yake mdogo wake akateleza sakafuni na kichwa chake kikagonga ubao.

Fundi akaurudisha mkono upesi. "Samahani," alisema kwa sauti. "Samahani, ndugu yangu."

Boti ikashusha pua, ikaja polepole. Mama alikuwa ameona ule mwendo, na akaona ulivyoachwa. Akashuka gatini, akavua viatu, akaviweka sawasawa kando ya maji, akaingia ziwani na nguo zake kuwapokea wanawe wote wawili.